Kodi ya Ng'ombe Wanne

Gari lenyewe ni Toyota ndogo ya bluu. Mlango wake wa nyuma wa kushoto haufunguki mpaka upitishe mkono dirishani, na kwa wiki saba lilikaa mbele ya nyumba yangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, bila kwenda popote. Mimi sijui kuendesha. Nilifundisha hesabu na Kifaransa Bukavu kwa miaka ishirini na moja, nikaikimbia vita na mke na mtoto mmoja, na maisha yangu yote sijawahi kushika usukani. Lakini gari lilikuwa langu, na kambi nzima ilijua nimelipataje.

Afadhali niseme mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine. Nililichukua siku ya mazishi ya binti yangu.

Binti yangu aliitwa Sophie. Alikuwa mtoto wetu wa pekee na fundi wa nguo ambaye wanawake wa Dowa walikuwa wakija na vitambaa vyao kumtafuta. Alipofika miaka ishirini na minne akampenda kijana aitwaye Divin, mtu wa Fizi, mtoto wa wakulima wa mihogo. Sikumpenda kijana yule, na sababu zangu leo zinaniaibisha: Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza, na hakuwa amemaliza shule. Nikataja ng'ombe sita. Hapa kambini hakuna anayeleta ng'ombe mwenye kwato. Unaleta pesa, na wazee wanaziita ng'ombe. Divin akaleta wawili, akaahidi wanne, na kabla hao wanne hawajafika Sophie akahamia kwake. Mwaka uliofuata wakaonekana na gari. Nilipoliona linapita na vumbi lake nilisema mbele za watu kwamba kijana huyu ana pesa ya matairi lakini hana pesa ya mke.

Kwetu, baba haingii nyumba ya binti ambaye mahari yake haijakwisha. Haketi humo, hali humo, hanywi hata maji. Siku hizi wengi wanafumba macho, kwa kuwa ukimbizi umetunyang'anya mengi na hakuna anayeweza kubeba kila kitu. Mimi sikufumba. Nilijiambia kwamba nyumba nimeiacha, shule nimeiacha, makaburi ya wazazi nimeyaacha, basi hili moja nitalishika. Nikalishika miaka minne. Kutoka mlangoni pangu hadi mlangoni pa Sophie ni hatua mia mbili, nimezihesabu.

Oktoba ya mwaka juzi nilikuwa nikitoka kanisani, jua linachoma, nikapita mbele ya nyumba yao. Sophie akatoka na maji kwenye kikombe cha plastiki, akanifuata mpaka barabarani, akapiga goti. Nadhani alijipa moyo kwamba barabarani si ndani. Nikamjibu mbele ya majirani kwamba maji ya nyumba ile nitayanywa siku mahari itakapokwisha. Hakulia wala hakubishana nami.

"Haina shida, papa," alisema. "Maji itakungoja."

Akarudi ndani na kikombe kikiwa kimejaa, akitembea taratibu asimwage. Nilimtazama mgongo wake, nikaona nimeshinda.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Sophie alifariki. Alikuwa na mimba ya pili. Damu ilianza kumtoka asubuhi, Divin akampakia kwenye gari hilohilo kumkimbiza hospitali ya Lilongwe, na kabla ya kufika barabara kuu alikuwa ameshakata roho. Divin aligeuza gari akarudi naye. Waliacha nyumbani mtoto mmoja, Gabriella, mwenye miaka mitatu.

Wazee wetu walikaa siku ile ile. Mwanamke ambaye mahari yake haijakwisha hazikwi na mume, maana mume hayupo. Baba yake anamchukua na kumzika kama msichana wa nyumba yake, na mtoto aliyemzaa anafuata upande wa mama. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mchungaji aliniomba niliache jambo hilo lipite. Mke wangu, Godelive, hakuomba kitu, aliniangalia tu. Mimi, mwalimu, mzee wa kanisa, nikasimama mbele ya waliokuja kulia na nikasema: amalize, au nimchukue mwanangu.

Divin alikuwa amekaa chini ukutani. Aliinuka, akaingiza mkono mfukoni, akaja kupiga magoti, na kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akaweka ufunguo wa gari kwenye mkeka mbele yangu. Wazee wakatazamana, wakakubali kwamba ng'ombe wanne wamefika. Saa tisa alasiri tukamzika Sophie kama mke wa mtu.

Watu walisema mzee Balagizi ameheshimiwa. Nami niliamini hivyo kwa siku tatu au nne hivi. Tangu Sophie azaliwe, Godelive alikuwa akiniita Papa Sophie. Kuanzia siku ya mazishi ananiita Balagizi, kama karani anayesoma orodha ya wanaopokea unga.

Gari likaanza kuotewa na majani chini ya matairi. Ikawa aibu, maana kila anayepita analitazama kisha ananitazama mimi. Dereva mmoja aitwaye Delphin akaniomba nimkodishe abebee mahindi Mponela. Nikakubali upesi. Siku ya pili tu, polisi wakamsimamisha kwenye kizuizi cha barabara kuu, wakasoma karatasi, wakaona jina lililomo si langu wala si lake. Wakamwachia kwa sharti: ndani ya siku kumi na nne gari libadilishwe jina na kodi ya mauzo ilipwe, tena waende wote wawili, muuzaji na mnunuzi.

Muuzaji na mnunuzi. Delphin alinieleza maneno hayo akicheka, akadhani nami nitacheka.

Ikabidi nimtumie Divin ujumbe. Tangu nimchukulie gari alikuwa anaendesha kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, kati ya kambi na barabara. Alikuja jioni, akasimama nje, macho chini, akasema ndiyo kwa kila nilichosema. Nilimwambia tukaombe vibali vya kutoka, twende Jumatatu. Akasema ndiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na pale nilipokosa ugomvi nikabaki na hasira zangu mkononi nisijue pa kuziweka.

Jumatatu aliendesha yeye. Mkwe hakai bega kwa bega na baba mkwe, kwa hiyo nilikaa nyuma, upande wa mlango mbovu, na nikaenda Lilongwe kama bwana mkubwa na dereva wake. Divin alilijua gari lile kama mtu anavyoujua mguu wake unaouma. Alijua lini lipunguzwe mwendo, lini liachwe litelemke lenyewe. Kwenye mpini wa mlango wangu ulikuwa umezungushwa uzi mwekundu, mizunguko mingi, umefungwa kwa fundo dogo la fundi wa nguo. Ulikuwa hapo kuzuia mpini usigonge. Nilipitisha kidole juu yake njia nzima mpaka mjini.

Ofisi ya kodi ilikuwa na foleni ndefu. Binti aliyekaa dirishani alikuwa na adabu, nami nikazungumza naye kwa Kiingereza changu cha kujifunzia ukubwani. Alitaka karatasi ya mauziano. Nikamwambia hatuna. Akasema bila karatasi hakuna bei, na bila bei hakuna kodi, maana kodi inakatwa kutoka kwenye bei. Twende tukaandikiane, tutie sahihi wote wawili, turudi kabla ya saa tisa. Mlinzi wa getini, aliyekwisha kuona wengi kama sisi, akatuelekeza mtaa wa Mchesi kwa Mrundi mmoja mwenye kompyuta.

Mrundi huyo aliitwa Sinzinkayo. Alikuwa na kibanda kati ya muuza viatu na muuza sabuni, printa moja, na mdomo usiochoka. Alifurahi kusikia Kiswahili. Akatuuliza kama sisi ni ndugu, nikasema huyu ni mkwe wangu, na uso wake ukachanua. Akasema basi kazi ni rahisi, tuandike kwamba gari ni zawadi. Tungeapa wote wawili kwamba hakuna kilichotolewa wala kupokelewa kwa ajili yake, na kodi ingebaki kidogo mno. Na kama hatutaki zawadi, tushushe bei. Kila mtu anashusha, na yeye mwenyewe hajawahi kuandika bei ya kweli tangu anunue ile printa.

Mimi niliyewachapa watoto fimbo kwa kuangalizia mtihani nilitikisa kichwa kukubali. "Andika zawadi," nilisema.

Sinzinkayo akaanza kuandika. Divin alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Papa," alisema, "mi siwezi kuapa ile."

Ilikuwa mara ya kwanza kunikatalia kitu. Nilimwambia ni maneno ya karatasi tu, ya kupunguza kodi, na kwamba kodi yenyewe ninailipa mimi, si yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza daima, kisha akainua macho yake. Mkwe haniangalii usoni, lakini siku ile aliniangalia.

"Kama ni zawadi, mahari iko wapi?" aliuliza. "Nikiapa sikulipa kitu, basi nilizika mwanamuke wa batu. Na Gabriella ni wa nani?"

Muuza sabuni alikuwa ameacha kupanga sabuni zake. Nikaona aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali. Nikasema vizuri, basi isiwe zawadi, iwe mauzo, lakini bei iwe ndogo. Aandike hata laki tano, nani atajua.

Divin alichomoa mfuko wa nailoni kutoka ndani ya shati, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, akaziweka mbele yangu kwa mikono miwili, kama alivyouweka ufunguo. Moja ilikuwa karatasi ya mauziano waliyoandikiana na mwalimu mmoja wa Mponela, yule aliyewauzia gari. Ya pili ilikuwa risiti ya kodi ya wakati ule. Chini ya karatasi ya kwanza, mahali pa shahidi, palikuwa na jina: Sophie Balagizi.

Mwandiko ule nilimfundisha mimi. Herufi g ina mkia unaorudi kushoto na kupita chini ya herufi iliyotangulia; nilimshika mkono akiwa na miaka mitano, mezani kwetu Bukavu, mpaka mkia ukanyooka. Na jina alilotia lilikuwa langu, mimi niliyekuwa napita mlangoni pake bila kugeuka.

"Yule mwalimu alisema tuandike nusu ya bei," Divin akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza tu. "Mi nilikubali. Sophie njo alikatala, ni yeye. Alisema, papa yangu alinifundishaka kuandika, hakunifundisha kuandika bongo, bei ya uongo. Tulilipa kodi yote. Aliuzisha machine yake moja ya kushona juu ya ile kodi."

Nikamuuliza kwa nini walinunua gari badala ya kumaliza mahari.

"Ni yeye alipanga," alisema. "Pesa zenye tulikuwa nazo zilitosha ng'ombe moja tu. Akasema tukinunua gari, gari njo itatafuta zote ine. Ilibakia kidogo, papa. Tulikuwa tunakuja kwako mwezi wa sita."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha Sinzinkayo, nikapiga hesabu kama nilivyozoea, na kila nilivyoipiga ikatoka vile vile. Mwanangu aliuza mashine yake ili gari lilipiwe kodi, gari limtafutie ng'ombe, ng'ombe waletwe kwangu ili nikubali kunywa maji kwake. Nami nililichukua gari juu ya maiti yake, nikijidai nimelipwa na Divin. Aliyenilipa alikuwa Sophie mwenyewe. Nilitamani ardhi ya Mchesi inifunike, na viatu na sabuni zao vinifuate.

Sinzinkayo alikohoa, akauliza basi aandike bei gani.

"Ng'ombe ine," Divin akasema.

Mrundi akacheka, akatuangalia, akaacha kucheka. Akauliza ng'ombe Mponela ni bei gani siku hizi. Tukakubaliana milioni moja kwa ng'ombe. Akaandika milioni nne, ingawa gari lile, na mlango wake ule, hakuna mwenye akili ambaye angelinunua hata kwa tatu. Akatutolea karatasi mbili zingali na joto la printa, akatuonyesha pa kutia sahihi. Muuzaji, Divin. Mnunuzi, Balagizi. Miaka yote niliona mimi ndiye mtoaji, niliyezaa na kulea, na yeye ndiye mnunuzi anayechelewesha malipo. Sasa karatasi ilikuwa imetugeuza, na nilipoisoma niliona haikukosea sana. Nilitia sahihi. Sinzinkayo alikataa kutulipisha.

Binti wa dirishani alisoma bei, akatusoma sisi, akauliza kwa upole kama hatukuongeza sifuri kwa bahati mbaya. Watu wanaokuja pale, alisema, hukosea upande wa pili. Nikamwambia bei ni hiyo. Akaendelea kujaza fomu yake, akafika mahali, akainua kalamu. Alitaka kujua mnunuzi alilipa kwa njia gani. Alihitaji neno moja tu.

Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba hakuna swali la mtihani lisilo na jibu. Na jibu nilikuwa nalo. Nililipa kwa kumkatalia maji barabarani, nililipa kwa miaka minne ya hatua mia mbili, nililipa kwa Sophie. Foleni ilikuwa inasukuma nyuma yangu.

"Taslimu," nilisema, naye akaandika. Huo ndio uongo pekee uliopita siku ile.

Pesa za kodi nilikuwa nazo ndani ya koti. Zilikuwa zile za ng'ombe wawili wa kwanza, ambazo Godelive alizifunga kwenye kitambaa miaka mitano iliyopita na hatukuzigusa hata siku ya njaa, kwa sababu mahari ya nusu hailiwi. Asubuhi ile alinikabidhi kitambaa kizima bila swali. Nilihesabu kiasi kilichotakiwa, nikapewa risiti. Divin akaniomba, mikono miwili mbele, kama naweza kumruhusu apate fotokopi yake. Nilimruhusu. Aliikunja mara nne, akaiweka pamoja na zile mbili za zamani, akarudisha mfuko ndani ya shati.

"Sasa iko karatasi ya serikali," alisema, si kwangu hasa. Ndipo nikaelewa kwa nini alikataa ile zawadi. Yeye na Sophie hawakuwahi kuandikwa popote kama mke na mume, si kanisani, maana mimi mzee wa kanisa nilizuia, wala si ofisini. Risiti ya kodi ya gari kuukuu ndiyo cheti chake cha ndoa.

Gari tulikuwa tumeliegesha kando ya barabara inayopanda kuelekea ofisi za wizara, na magari ya wakubwa yalikuwa yanapita yaking'aa. Nilimwita Divin. Nikamnyooshea ufunguo. Nikamwambia gari ni lake, alichukue, afanye kazi yake, amlee mtoto.

Alirudi nyuma hatua moja na kuficha mikono mgongoni, kama mwanafunzi aliyeona fimbo.

"Papa, usinifanyie vile," alisema. "Ukinirudishia ile, umenirudishia mahari."

Nilijua hilo kabla hajalisema. Mahari ikirudi, ndoa imevunjika. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye mabaraza ya namna hiyo, nimehesabu vilivyorudishwa, nimewatamkia watu kwamba kuanzia leo nyinyi si mke na mume. Nikajaribu njia nyingine. Nikasema basi gari libaki langu, yeye aliendeshe tu, apeleke watu Mponela, nusu ya mapato ale na mwanawe. Akatikisa kichwa. Mtu hali mahari aliyoitoa, alisema, na alikuwa sahihi. Nani alimfundisha? Miaka minne nilikuwa nampitia mbele ya mlango nikimfundisha.

Nililia pale, mzee wa miaka sitini na tatu, nimeegemea boneti, watu wa ofisini wanapita na minibasi zinapiga honi. Kaburini sikulia. Divin hakuja kunishika, maana mkwe hamshiki baba mkwe. Alisimama mbele yangu upande wa barabara, akageuza mgongo kwangu, ili wapitao wamwone yeye na wasinione mimi.

Tulirudi, Divin akiendesha, mimi nyuma. Tulipoingia kambini hakukata kona ya kwangu. Alikwenda moja kwa moja, akasimamisha gari mbele ya nyumba yake, akazima. Akazunguka, akapitisha mkono dirishani, akanifungulia ule mlango mbovu, akapiga goti.

"Papa, mahari imekwisha," alisema. "Ingia."

Nikaingia. Ni chumba kimoja na pazia, kisafi. Mashine moja ya kushona iliyobaki ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, na chini ya sindano palikuwa na gauni dogo la mtoto, mkono mmoja umeshashonwa, wa pili bado. Hakuna aliyeligusa. Nikakaa kwenye kiti nilichoonyeshwa. Sikujua niangalie wapi, nyumba ambayo mwenyewe hayupo, nami nimefika kwa kuchelewa kama mtu anayekuja arusini wakati viti vinakusanywa.

Divin alipandisha mkono juu ya rafu, akashusha kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kilikuwa kikombe, cheupe, cha udongo, kina ua la buluu ubavuni. Akakiosha, akachota maji mtungini, akaniletea.

"Siku ile ulikatala maji, alienda Mponela kununua hii," alisema. "Alisema ile ya plastiki haifai. Njo yako, papa. Hakuna mwenye alikunywa ndani."

Nikanywa. Maji yalikuwa baridi na yana ladha kidogo ya udongo, kama maji ya mtungi wowote. Nilikunywa mpaka mwisho kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kumwomba radhi, na nilipomaliza Divin akauliza kama aniongezee.

Gari limebaki pale mlangoni pake tangu siku hiyo. Mimi sijui kuendesha, yeye hataki, na Delphin nimemkatalia. Limeandikwa jina langu, kodi yake imelipwa, na kuku wa jirani wanalala chini yake. Divin anatoka alfajiri na baiskeli yake. Godelive anashinda huko na Gabriella. Amelimalizia lile gauni mkono wa pili, na bado ananiita Balagizi. Kila siku baada ya saa kumi ninachukua fimbo yangu, naaga kwamba naenda kuangalia gari, natembea hatua mia mbili. Watu wanasema mzee anapenda sana gari lake. Nawaacha waseme.

Gabriella ndiye ananiletea maji, ameshika kikombe kwa mikono miwili, anatembea taratibu asimwage. Nikimaliza ninakigeuza. Chini yake kile kikaratasi cha duka bado kimebandikwa, kwacha mia tisa, na nimemkataza kila mtu kukibandua. Mimi nilidai ng'ombe sita. Yeye alitaka tu ninywe maji.